Shahidi Aliyetazama Mlima

Aibu yangu mimi siwezi kuificha hata nikitaka, kwa sababu ilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili halafu ikarudiwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, na mpaka leo nikikutana na mtu aliyesoma Tengeru miaka ile ananitazama kidogo, anatabasamu, kisha ananiuliza kama bado nakunywa maziwa. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia huongeza chumvi.

Nilikwenda Arusha nikitokea Tabora, na safari yenyewe ilikuwa ya kuchosha hata mtu asiyejua kuchoka. Treni ilitushusha Dodoma, tukapanda basi la Kondoa na Babati, barabara vumbi tupu, basi likakwama kwenye mto wa mchanga, tukashuka tukasukuma, likakwama tena mbele kidogo, mama mmoja akateremsha sufuria yake akaanza kupika uji kando ya barabara kama mtu aliyehamia pale, na tulipofika Arusha nilikuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka kandambili, kiasi kwamba kondakta aliyenipandisha mwenyewe alinikatalia begi langu akisema mwenye begi alikuwa mweusi. Lakini nilikuwa na furaha. Mimi tangu utoto napenda kuondoka (kufika sikupendi sana, ila kuondoka), na Arusha kwangu ilikuwa mlango wa kuelekea mbali zaidi.

Nilikuja kusomea mifugo, cheti tu, katika chuo kimoja karibu na Tengeru. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, serikali imeanza kusema kila mtu achangie gharama, na hosteli zikawa za wenye uwezo. Mimi nikapata hifadhi kwa Mzee Anaeli, juu kule Nkoaranga, tabibu mstaafu na mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika mijini na chumba kiko wazi. Masharti yake yalikuwa mepesi: nimkatie ng'ombe wake majani kila jioni, nisivute sigara karibu na kahawa, na nile alichopika Mama, mkewe. Hakuniuliza kwa nini mtoto wa Kiislamu hana kofia. Siku ya Idi aliniambia, "Leo ni siku yako, majani nitakata mimi," na akakata kweli.

Sasa kutoka Nkoaranga mpaka chuoni ni kuteremka kwenye vijia vya mteremko mkali katikati ya migomba, na jioni ni kupanda vijia hivyohivyo. Kwa kuwa nilikuwa nachelewa kila siku, nikawa nakimbia. Sikujua kwamba ni mazoezi. Mwalimu wa michezo aliponiona nikiingia getini asubuhi moja sihemi, akaniandika katika timu bila kuniuliza.

Nikawa mkimbiaji. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Nilikuwa na rafiki, Lomayani, Mwarusha mwenye maneno mengi, ambaye naye alikuwa anakimbia lakini kwa hiari yake. Siku moja alinipeleka Sombetini, mjini, kwa jamaa mmoja aliyekuwa na uwanja wa kunyanyua vyuma (vyuma vyenyewe vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege) na nyuma ya uwanja ana kibanda cha bidhaa za nje. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na kitu kikishakuwa na maandishi tusiyoyajua tulikiamini zaidi. Jamaa akatoa kopo kubwa lina picha ya mwanaume mwenye misuli hata kwenye shingo.

"Hili wanakula wenzenu wa nje," akasema. "Unachanganya na maji, unakunywa, unakimbia mpaka unajishangaa."

"Lina nini ndani?" nikamuuliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza.

"Nguvu."

Lomayani akanipiga kiwiko. "Mwana, chukua. Umeona shingo hiyo?"

Nikaacha redio yangu ndogo ya kaseti pale kama malipo, nikaondoka na kopo. Kama ningelificha, habari hii isingekuwepo. Lakini niliweka kopo dirishani darasani, picha ikitazama nje, nikawa nachanganya mbele za watu wakati wa mapumziko, unga mweupe wenye utamu fulani, na wenzangu wanasimama kunitazama kama wanaotazama mganga. Cha ajabu ni kwamba nilianza kukimbia vizuri zaidi. Mpaka leo najiuliza kwa nini.

Mwaka ule mashindano ya vyuo yalifanyika chuoni kwetu, na mshindi wa mbio ndefu angekwenda Lusaka kwenye michezo ya vyuo vya nchi jirani. Kwa ndege. Siwezi kuwaeleza neno hilo lilivyonifanya. Nilishapiga picha ya pasipoti nikiwa nimevaa koti la Mzee Anaeli, nikawa naitoa mfukoni hata wakati wa kukata majani, najitazama, nasema moyoni huyu bwana anakwenda Lusaka.

Nikashinda. Nilishinda vizuri, nikageuka nyuma nikaona wa pili bado yuko kwenye kona. Ndipo kiongozi wa chuo cha yule wa pili akaenda kwa waandaaji akawaambia kwamba mshindi anatumia dawa za kuongeza nguvu, kopo lake liko dirishani, kila mtu amelishuhudia. Na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, waandaaji walikuja na vikombe vya kupimia mkojo. Nadhani walikuwa na hamu ya kuvitumia.

Mpimaji alikuwa mama mmoja daktari kutoka Dar es Salaam, mpole lakini asiyecheka. Akanieleza utaratibu: nitatoa mkojo, lakini lazima awepo shahidi mwanaume anayeona kwa macho yake unatoka wapi, kwa sababu wengine huingia na mkojo wa mtu mwingine kwenye chupa. Akauliza kama kuna mwanaume hapa mwenye ujuzi wa tiba na mtu wa kuaminika. Mwalimu wa michezo, kwa nia njema kabisa, akasema yupo, tena amekuja kutazama mbio.

Akaletwa Mzee Anaeli.

Naomba mnielewe. Huyu ni mtu ambaye nikimsikia anakohoa uani navaa shati kwanza ndipo nitoke. Nakula kwake, nalala kwake, namwita baba. Tukaingizwa wawili tu katika stoo ndogo yenye makopo ya maziwa na dirisha moja, mlango ukafungwa.

"Shikamoo baba," nikasema, ingawa nilimwamkia asubuhi.

"Marahaba. Haya, mwanangu."

Nikashika kikombe. Yeye amesimama, mikono nyuma, ananitazama. Mimi nimesimama, nakitazama kikombe. Nikashika mkanda, nikauachia. Mwisho nikakohoa. Kidogo tu.

Mzee akageuka dirishani. "Naona leo mlima umefunguka, hauna wingu," akasema.

"Ndiyo baba, umefunguka."

"Kahawa itakauka vizuri."

"Itakauka, baba."

Na wakati tunaongea habari za kahawa, kikombe kikajaa. Nikakifunika, tukatoka wote wawili tukiwa na heshima zetu, na nakiri nilijiona mtu mwenye malezi mema.

Mama daktari alikuwa na meza yake nje, na watu wamejaa, wanafunzi, walimu, hata akina mama wa sokoni waliokuja kuuza ndizi. Akachukua kalamu. "Mzee, ulishuhudia?"

"Nilikuwepo."

"Uliona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

Sasa mzee wa kanisa hasemi uongo, hata ule wa kusaidia. Akanitazama, akamtazama yule mama.

"Niliona mlima."

Jamani, kile kicheko. Mwanafunzi mmoja alianguka kutoka juu ya ukuta. Mama daktari hakucheka, akasogeza kikombe changu pembeni akasema hakipokei, nitoe mwingine mbele ya shahidi mwingine, na nina muda mpaka gari lao litakapoondoka kwenda uwanja wa ndege. Nikishindwa, itahesabiwa nimekataa kupimwa, na kukataa ni sawa na kukutwa na dawa.

Nilikuwa nimekimbia mbio ndefu juani na nilichokuwa nacho nilishakitoa. Nikaletewa maji, nikanywa. Nikaletewa soda, nikanywa, nikaletewa chai. Tumbo likawa ngoma lakini hakuna kinachoshuka. Shahidi mpya, mwalimu wa hesabu, alikuwa ananikazia macho kama anasahihisha mtihani, na dirishani Lomayani amekusanya watu.

"Vipi, bomba la Tengeru limekatika?"

"Mfungulieni maji, asikie sauti."

"Shabani, fikiria mto. Fikiria mvua ya masika."

Mama mmoja wa ndizi akawakemea, "Mwacheni mtoto wa watu akojoe kwa amani," na hilo likanimaliza kabisa, kwa sababu sasa hata huruma ilikuwa ya hadharani.

Gari likapiga honi. Kipaza sauti kikawaka, kikasema mshindi wa mbio ndefu amefutwa kwa kushindwa kutoa mkojo mbele ya shahidi, na wa pili ndiye atakayekwenda Lusaka. Halafu Kiingereza. Gari likaondoka, na vumbi lake halijatua nikaanza kukimbia kuelekea nyuma ya zizi, maana vyote nilivyokunywa viliamua kushuka kwa pamoja. Mwalimu wa hesabu alinifuata mpaka kwenye zizi. "Huu nimeuona," akasema kwa huzuni, "lakini hausaidii tena."

Mngefikiri imeishia hapo. Mkuu wa chuo alitaka kujua chuo chake kimeaibishwa na dawa gani, akaagiza kopo lipelekwe kwa mwalimu wetu wa maziwa. Mwalimu akalifungua mbele ya darasa zima, akanusa, akaweka kidogo ulimini, akakunja uso. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hamjui hiki?" akauliza. "Hamkijui kweli?"

Akachanganya unga na maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, akatuongoza mpaka bandani, akafungua kizimba. Ndama mmoja akainua kichwa, akaja mbio, akaingiza mdomo kwenye ndoo, akawa anaipiga kwa kichwa chake kama anayemdai mama yake.

Yalikuwa maziwa ya unga ya kulishia ndama, yenye sukari kidogo juu yake. Jamaa wa Sombetini alilijaza upya kopo la watu. Na sisi, wanafunzi wa mifugo, tuliokuwa tunachanganya unga huohuo kila asubuhi kwa zamu na kunuka harufu yake mpaka kwenye vitabu, hatukuutambua, kwa kuwa kopo lilikuwa na picha ya mtu mwenye misuli ya shingo. Hili bado linanishangaza kuliko yote. Macho yalisema hiki ni cha nje, na pua ikanyamaza.

Kwa hiyo dawa sikuwa nayo. Ningekojoa tu mbele ya mtu, ningekwenda Lusaka. Barua ya kunisafisha iliandikwa, lakini ndege ilishaondoka, na chuoni sikuwa tena Shabani. Nikaitwa Ndama. Nikiingia bwaloni meza moja inalia mooo, nyingine inaitikia, na wapishi wananiuliza kwa adabu kama nitatumia ndoo au kikombe. Nilivumilia kiasi. Halafu asubuhi moja, nikiteremka mbio kwenye migomba, nikagundua kwamba sielekei chuoni tena, naelekea nje ya mji.

Nilirudi kuaga. Mzee Anaeli alikuwa anaanua kahawa uani. Nilidhani amenikasirikia, kwa sababu tangu siku ile hatukuwahi kuligusa jambo lile, na najua kanisani walimwita Shahidi wa Mlima mpaka mchungaji akaingilia.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Nilikutia aibu mbele za watu."

"Wewe? Mimi ndiye niliyekukosesha ndege." Akaweka ungo chini. "Nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote, Shabani. Nimewaona watu wazima kwa watoto, wazima na waliokufa. Ulidhani mwili wako ungenishtua nini?"

"Sasa mbona uligeuka, baba?"

"Ulikohoa. Nikasema kijana huyu anaona haya, nimsitiri."

"Nilikohoa kwa sababu nilidhani baba ndiye unayeona haya."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, taratibu, akakalia gunia la kahawa, akacheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumweleza. Nikala ndizi zake kwa mara ya mwisho, nikachukua begi, Mzee akanisindikiza mpaka barabara kubwa. Sikurudi Arusha tena kukaa.

Lusaka nilifika baadaye, kwa lori la mahindi, na si mji mbaya. Nimezunguka sehemu nyingi tangu hapo. Lakini nimejiwekea sharti moja: jambo likinikaa kooni mbele ya mtu ninayemheshimu, silikohoi tena. Nalisema. Mwaka jana nesi kijana, sawa na binti yangu, aliniambia kwa aibu, akitazama ukuta, kwamba anahitaji nivue shati anichome sindano, au labda na suruali kidogo. Nikamwambia, mwanangu, geuka huku, tazama unachofanya, mimi sina tatizo, na wewe je?