Sanamaki ya Mgonjwa wa Magomeni

Dukani kwa Bi Wafa, nyuma ya soko la Kariakoo, sanamaki haikutoka kabla mnunuzi hajajibu swali moja: "Anakunywa nani?" Ukijibu kwamba ni wewe, utaulizwa kama una ujauzito, kama unanyonyesha, kama una vidonda vya tumbo, na choo umekikosa siku ngapi. Ukichukia kuulizwa, mlango wa kutokea ni uleule ulioingilia. Wenye maduka jirani walimwita Bi Polisi. Alilijua jina hilo na halikumnyima usingizi.

Sharti hilo alilirithi. Babu yake alifika kutoka Hadhramaut na magunia mawili ya dawa na nia ya kurudi kwao. Magunia yakaisha, nia nayo ikaisha, akafungua duka. Jani la sanamaki, ambalo watu wa pwani hulinasibisha na Makka, lilikuwa dawa ya waliofungwa choo tangu zamani hizo: wazee wasiotembea, wasafiri, waliokula kavu mwezi mzima. Mpaka leo vipo vidonge vya hospitali vinavyotengenezwa kwa jani hilihili. Mzee Habib, baba yake Bi Wafa, alimfundisha akiwa msichana: chota kwa vidole vitatu, loweka kwenye maji ya moto, usichemshe, tia kipande cha tangawizi tumbo lisisokote. "Ni dawa ya siku mbili, au tatu ukizidisha," alimwambia. "Anayeinywa wiki nzima hajitibu, anajimwaga." Na kila gunia jipya lilipokuja walilifungua, wakapanga majani kwa matabaka, na kati ya tabaka na tabaka wakatandaza mawaridi makavu. Jani likichukua harufu ile, haliiachi. Duka jingine lililofanya hivyo Kariakoo yeye hakulijua.

Basi mtu huyu, mkali kiasi hicho, alidanganywa miezi saba.

Aliyemdanganya anaitwa Haruna, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye kuvaa kanzu ya Ijumaa hata Jumanne. Mara ya kwanza alikuja na uso wa huzuni. Mama yake, Bi Sophia, alikuwa amelala upande mmoja kwa kiharusi huko Magomeni, na choo siku nne hakuna. Bi Wafa akampimia ya siku mbili, akamwombea mgonjwa dua, akakataa kupokea hela.

Baada ya hapo ikawa desturi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Anakusalimu. Anasema mkono wako una baraka."

"Anakunywa nani?"

"Mama, si yeye? Nani mwingine?"

Ya siku mbili ikawa ya wiki, sasa kwa kulipa. Ya wiki ikawa kilo, kwa sababu eti mvua zikianza bonde la Jangwani halipitiki, na mgonjwa atakaa bila dawa. Mwezi uliofuata kilo mbili. Bi Wafa aliuliza kila safari, na kila safari alijibiwa. Hakuuliza tumbo gani la mgonjwa mmoja linalomaliza kilo mbili. Kwao mtu akikutajia mama yake aliyelala kitandani, hutamhoji kama karani wa forodha. Unamwombea shifaa na unampa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Haruna ilikuwa ndefu, maana Bi Wafa mwenyewe aliifagia.

Duka la pili kutoka la Bi Wafa ni la vitenge, la Husna. Husna alijifungua mtoto wa kiume, Zahoro, na alipotimiza arobaini alirudi dukani akiwa na mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa mnono, wa kunyonya na kucheua. Bi Wafa alizoea kumpakata mtoto wakati Husna akihudumia wateja.

Kabla ya wiki mbili kwisha, mtoto alikuwa analia kutwa. Mama yake naye midomo imekauka, macho yameingia ndani, kila saa yuko chooni.

"Una nini wewe?" Bi Wafa aliuliza. "Umekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa."

"Tumbo tu, mama. Na maziwa hayatoki. Nikimweka, ananyonya kidogo, anaachia, analia."

"Unakula nini?"

Husna akacheka kwa aibu. "Harusi ya wifi yangu mwisho wa mwezi. Sare nimeshonewa kabla sijajifungua. Haipandi. Nakunywa chai ya kupunguza tumbo, asubuhi na jioni. Ni majani tu, mama. Ya asili."

Akatoa pakiti. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, na jina la kupendeza ambalo sitaki kulitangaza. Bi Wafa akaifungua, akaisogeza puani. Hakuhitaji kuionja. Ilinukia mawaridi.

Alisimama pale na pakiti mkononi. Jani lilitoka kwenye gunia lake, likavuka mtaa, likarudi, likaingia kinywani mwa mwanamke anayenyonyesha, hatua kumi na tano kutoka mahali ambapo swali lilikuwa likiulizwa.

"Usinywe tena hata tone," alimwambia. "Kunywa maji yenye chumvi na sukari, funga duka, mpeleke mtoto hospitali, na wewe mwenyewe wakutazame. Leo hii."

Hakumtaja Haruna, mnunuzi pekee aliyebeba kwa kilo. Kumtuhumu mtu juu ya mama yake mgonjwa ni jambo zito, naye alitaka kwanza aone kwa macho. Akafanya lile ambalo alipaswa kulifanya mwezi wa kwanza: akaenda kumtazama mgonjwa. Akapika uji wa mchele kwa tui la nazi, akautia kwenye chupa ya chai, akapanda bajaji.

Magomeni aliulizia kwa Haruna, akaonyeshwa nyumba mara moja. Barazani alikuwepo mpangaji, Theopista, akifua.

"Hodi. Nimekuja kumjulia hali Bi Sophia, mama yake Haruna."

Theopista akainuka, mikono ina povu. "Karibu, mama. Mbona hukuambiwa? Bi Sophia tulimzika mwaka juzi."

Bi Wafa akasema innalillahi kwa sauti ndogo, kisha akapita hadi uani. Palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka sanamaki yake, na wasichana wawili wakijaza pakiti kwa vijiko. Haruna alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akibonyeza simu. Siku hiyo alivaa kaptura.

"Nimemletea mgonjwa uji," Bi Wafa alisema. "Yuko wapi?"

Haruna hakutahayari. Hilo ndilo lililomchoma Bi Wafa kuliko yote. "Mama, tusifike mbali. Wewe ulikuwa unauliza, mimi nilikuwa najibu. Sharti lako limetimia."

"Umemlaza mama yako kaburini, kisha ukamfufua uwauzie watu choo?"

"Watu wanataka wembamba, mama. Mimi sijamfunga mtu mdomo. Na jani ni la asili, halina kemikali."

"Upupu nao ni wa asili. Jipake."

Wasichana wakacheka, wakanyamaza walipotazamwa.

"Yule mwenye duka la vitenge ananyonyesha," Bi Wafa alisema. "Ulimuuliza?"

"Nikianza kuuliza kila mtu kama wewe, nitauza lini?"

Bi Wafa akamwachia Theopista chupa ya uji, akaondoka. Alikwenda kushtaki kwa wakaguzi wa dawa. Ofisa aliyempokea aliandika maelezo, akagonga muhuri, akamwambia asubiri. Mwezi haukwisha, chai ileile ilikuwa sokoni kwa jina jingine na picha ya kiuno kingine, na sasa haikunukia mawaridi. Haruna alikuwa amepata gunia kwa mtu asiyeuliza. Watu wa namna hiyo hawakosekani, na wateja wao hujiita wafanyabiashara.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, naye alilifanya. Siku ile ya pakiti Husna alilazwa, akatiwa dripu siku tatu. Alipotoka, Bi Wafa alimfuata nyumbani, akakaa mkekani.

"Jani lilikuwa langu," alisema. "Nilimuuzia mimi, kwa mikono hii."

Husna akamweka mtoto begani. "Si huwa unauliza, mama?"

"Niliuliza."

"Na hukuona?"

Bi Wafa akainuka, akaviokota viatu vyake mlangoni.

Husna alijaribu kila kitu: uji wa pilipili manga, mchuzi wa pweza, kumweka mtoto kifuani usiku na mchana. Maziwa hayakurudi. Zahoro anakua kwa maziwa ya kopo. Husna amehamisha vitenge vyake upande wa pili wa soko. Wakikutana hutoa shikamoo, huitikiwa marahaba, na hakuna la tatu. Bi Wafa hauzi tena sanamaki, dawa iliyolisha nyumba yao vizazi vitatu, hata kwa mgonjwa wa kweli anayeihitaji.

Mtoto wa Husna alinyonya siku hamsini na nane.