Namba Moja, Watu Wawili

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya Nohemí Tulcán ilikuwa kuzifanya kanzidata mbili zitoe kauli moja. Moja ilikuwa kwao Pasto, milimani. Pacha wake ilikuwa Cali, bondeni. Kila laini ya simu iliyosajiliwa na kila namba iliyofungwa, ikiandikwa huku ilipaswa kuonekana kule kabla mtu hajapepesa jicho. Mambo yakienda sawa hakuna aliyemkumbuka, naye hakulalamika.

Alhamisi moja mlima uliporomoka ukakata kebo, na njia ya akiba ilikuwa kwenye matengenezo. Mashine hazikusimama, kila moja iliendelea kuandika ya kwake. Kebo ilipoungwa Ijumaa asubuhi, Nohemí alikuta mistari mia nne na kumi na miwili isiyolingana.

Hárold, mkuu wake aliyekaa Cali, akapiga simu. "Nohemí, futa ya Pasto, weka ya Cali, tumalize."

"Acha niisome kwanza, don Hárold."

"Mstari kwa mstari? Ninyi watu wa Pasto hata kuchelewa mnachelewa!"

"Cheka tu, mmezoea kututania. Haya, kuna namba hapa. Kwangu ni ya doña Eudocia Jamioy, mkunga wa Sibundoy. Simu yake ilitumbukia mtoni, miezi ikapita, na jana saa tisa kapewa laini mpya kwa namba ileile. Kwako?"

Hárold akatafuta. "Kwangu imefungwa kwa kukaa kimya. Saa kumi ikapewa mtu wa Buenaventura."

"Ipigie simu. Na mimi naipigia kutoka huku."

Wakapiga kwa pamoja, kila mmoja kwa simu ya pili. Kwa Nohemí ikaitika sauti ya bibi. Kwa Hárold akapokea mwanamume, tena amekasirika.

"Mimi nauza nazi, bwana! Tangu jana wanawake wananisimulia uchungu wao. Sasa hivi mmoja alikuwa analia, eti mkwewe yuko San Francisco, mtoto hageuki!"

Hárold akayarudia maneno hayo taratibu, na Nohemí akamfikishia bibi.

"San Francisco, hapa jirani? Huyo ni mke wa Segundo," alisema doña Eudocia. "Nami nimekaa hapa namenya viazi, nashangaa mbona kumetulia hivi!" Akakata bila kuaga.

Muuza nazi alipewa namba nyingine, akashukuru sana. Hárold hakutaja tena kufuta. Alianzia mwisho wa orodha, Nohemí mwanzo, wakasomeana mstari baada ya mstari hadi Jumamosi mchana, tofauti zikaisha.

Jumatatu doña Eudocia alipiga mwenyewe. "Ametanguliza miguu, mwanangu, lakini amefika. Wa kike. Mama yake anakunywa supu."

Nohemí akampigia Hárold papo hapo.

"Wamempa jina gani?" Hárold aliuliza.

"Bado. Bibi zake wanabishana."