Thuwaini Anajifunza Kushuka

Tangu baba yake azikwe, Thuwaini alikuwa akiota ndoto moja. Yuko makaburini, mwanga ni ule usiojulikana kama jua linachomoza au linazama, watu wote wamevaa kanzu na hakuna anayesema neno. Baba yake yumo kaburini, amekaa kitako, sanda kaizungushia mabegani kama mtu anayesikia baridi. "Shuka basi, mwanangu," anasema. "Mbona unachelewa?" Thuwaini anainua mguu, mguu hauinuki. Akiamka, mto umelowa jasho, na Wahiba mkewe anamgeuzia feni bila kuuliza kitu, maana kashazoea.

Ndoto ile haikuzuka bure. Thuwaini ana duka la jumla pale Tandika, duka chini na nyumba juu, kama alivyoiacha babu yake. Alikuwa mtu wa mwili. Tena sisemi ule unene ambao watu husema mtu kashiba kwake. Nasema ule wa kupumzika katikati ya ngazi za nyumba yako mwenyewe. Akipanda kula mchana, alikuwa akifika juu chai imeshapoa. Daktari alishamwonya habari za presha, naye akaitikia kwa adabu zote, akatoka, akapita kununua sambusa. Presha haikumshtua hata kidogo. Kilichomshtua ni mazishi ya baba yake.

Kwetu maiti hapokewi na mgeni. Jeneza likifika, ndugu wa karibu ndio wanaoshuka kaburini, wakampokea marehemu mikononi na kumlaza taratibu kwenye mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, uso kibla. Mzee yule alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Thuwaini akavua viatu, akakunja kanzu, akachungulia. Shimo lilikuwa jembamba, na mchanga wa Temeke humomonyoka ukiutazama tu. Binamu yake Yazid akamshika mkono, akamnong'oneza.

"Braza, wacha nishuke mie. Ukiingia wewe kuta zitaanguka, na kukutoa itakuwa ishu nyingine."

Alisema kwa upole, na wala hakusema uongo. Yazid akashuka. Thuwaini akabaki juu na udongo mkononi, machozi yanamtoka, watu wakadhani ni msiba. Ilikuwa aibu.

Aibu ingepoa, kwani aibu gani isiyopoa? Lakini juu ghorofani yuko Bi Reem, mama yake. Kwa miaka na miaka alikaa nyuma ya kaunta, akipima sukari na kusutana na wateja. Mumewe alipofariki akakaa eda, na alipotoka eda, magoti nayo yakaingia eda yao. Hakushuka tena. Hushinda dirishani akiutazama mtaa, anawaona wote, hakuna anayemwona. Thuwaini akimtazama pale alikuwa akiwaza jambo asiloweza kumwambia mtu: mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu wasioweza kumwoa, na wa kwanza ni mwanawe. Siku yake ikifika, nitasimama juu tena na udongo mkononi?

Ndipo akaamua kuupunguza mwili. Akajiunga na klabu ya joging ya mtaani, wale unaowaona Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, wanakimbia katikati ya barabara huku wakiimba. Alikimbia nyuma kabisa, kusema kweli alitembea, lakini alipenda. Taa za barabarani zilikuwa zinazimika moja moja, nyimbo zinatoka mbele kama zinatoka ndani ya ukungu, na kwa dakika chache mwili ule mkubwa ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha, kama desturi ya klabu zote za Temeke, mbio ziliishia kwenye supu. Supu ya utumbo, chapati, ndimu, pilipili, na chapati nyingine ya kusukumia ile ya kwanza. Loo, walikula kwa furaha, wakiamini wamestahili. Idi ilipofika, kanzu mpya ikagoma kupita tumboni.

Akasema basi, mbio haziko kwenye damu yangu. Akahamia kwenye vyuma, gym ya uani ambako vijana hunyanyua mabomba yenye makopo ya zege kwenye ncha. Mikono ikakaza kweli, kifua kikatanuka, ila ngazini bado alihema vilevile. Akaacha vyuma, akafunga mdomo: matango asubuhi, matango jioni. Siku ya tatu mteja akaomba chumvi, akapimiwa sukari, na mwenye duka akalazimika kushika kaunta asianguke.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Bupe, mwanamke wa Mbeya anayefundisha michezo shule ya msingi, ndiye kapteni wa ile klabu. Alikuja dukani kununua mafuta, akamkuta ameegemea gunia, macho yamezama.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu."

"Umetukimbia."

Thuwaini akamweleza yote, ya mbio, ya vyuma, ya matango. Ya kaburi hakuyasema. Mwalimu Bupe akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mzee, wewe unapikia figa moja moja. Mbio zinakupa pumzi, vyuma vinakupa nguvu, sahani ndiyo inayokata unene. Mafiga matatu. Ukitoa moja, chungu kitakaa wapi? Na supu yetu ile, mie mwenyewe naiogopa."

Basi, akaanza upya, polepole. Siku nyingine alitembea kwa haraka hadi pumzi ipande, kisha akakimbia kidogo. Siku nyingine alibaki dukani kabla ya kufungua milango, akaweka kiroba cha sembe begani, akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa, akasimama. Siku nyingine alipumzika, mwalimu alisisitiza hilo. Sahani nayo ikabadilika: mchicha na bamia vikachukua nusu, samaki akapata nafasi yake, wali ukabaki kilima kidogo pembeni. Wiki zikapita kama zinaelea. Kulikuwa na asubuhi aliposimama gizani dukani, kiroba begani, vumbi la unga likitembea kwenye mwanga wa upenyo wa mlango, akasahau kama amelala au yuko macho. Ndotoni mguu ukaanza kuinuka kidogo.

Ila hakumfikiria mama. Bi Reem hakuweza tena kushuka, lakini kupika alipika, hata kwa kukaa kwenye kigoda. Wali wa nazi, mbaazi, na halua aliyomsimamia Wahiba aisonge mpaka mkono ukafa ganzi. Thuwaini akawa anasukuma sahani. Mama akavumilia mara moja, mbili, hatimaye akageuza uso dirishani, akanyamaza. Kimya cha Bi Reem si kimya cha mchezo. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

"Umenisusa," alisema mwishowe. "Niambie nimekukosea nini, nijue."

"Hujanikosea, mama. Napunguza mwili."

"Baba yako alikuwa na mwili, na alikuwa mwanaume. Unapunguza kwa ajili ya nani? Una mke mwingine?"

Wahiba, aliyekuwa mlangoni, akageuka naye asikie jibu. Thuwaini akatazama miguu ya mama yake, miembamba, imevimba magotini, na neno likamtoka kabla hajalizuia.

"Baba sikumshusha, mama. Nilishindwa. Naogopa siku yako."

Kisha mabega ya Bi Reem yakaanza kutikisika. Thuwaini akadhani analia, akapiga magoti. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

"Kumbe unanifanyia mazoezi ya kunizika," alisema akijipangusa macho. "Mwanangu, na mie nimekaa dirishani hapa tangu eda ninangoja mtu anishushe dukani kwangu. Kwani mpaka nife?"

Hilo halikuwahi kumpitia Thuwaini akilini, wallahi, hata siku moja. Wahiba akamrudishia mama mtandio kichwani, akamfunga vizuri. Thuwaini akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akachuchumaa kama alivyozoea, akasimama. Mama alikuwa mzito kidogo tu kuliko kiroba.

Akashuka ngazi moja moja, ubavu ukiambaa na ukuta. Alipofika katikati, pale alipokuwa akipumzika zamani, miguu ikasimama yenyewe.

"Umechoka?" aliuliza mama.

"Sijachoka."

"Mbona umesimama?"

Thuwaini akamweka vizuri mikononi. Bi Reem akamtazama mtoto wake kwa karibu, kisha akalaza kichwa begani pake.

"Hivi hivi," alisema. "Siku ile nayo, unishushe hivi hivi, taratibu."

"Sawa, mama."

Akamaliza ngazi zilizobaki, akamweka kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, na Bi Reem akauliza nani aliyehamisha mizani.