Anayetufundisha Kuuliza

Mwalimu wetu wa Alhamisi, katika chumba cha chini cha kanisa hapa Duluth, Marekani, huvua mabuti yenye theluji na kufundisha akiwa na soksi tu, vidole vya mikono vikimega ukingo wa kikombe cha karatasi. Hutufundisha sisi wenye ndugu wagonjwa wa akili, nami niliyemzika kaka yangu, kuuliza wazi: “Unafikiria kujiua?” Husema, “Ulizeni, jamani, swali haliui mtu.” Juzi, katika mazoezi, nilimuuliza yeye. Kwa kawaida hujibu upesi, “Hapana, mpenzi. Haya, mwingine!” Safari hii vidole vilitulia. “Leo, ndiyo.” Bibi Lorna, mwenzetu, akacheka: “Mwalimu, ungefaa sinema wewe!” Yeye hakucheka. Nilimwita Yesu moyoni, nisijue kama naombea mtu au mazoezi. Wenzangu walipofuata makoti yao, nilisogeza kiti karibu yake, nikasema maneno aliyotufundisha mwenyewe: “Siondoki hapa.”