Pembe ya Golsa

Watu wa bonde lile walimcheka Ketill Arason mpaka wakachoka. Mwanamume mzima, ndevu mpaka kifuani, kila asubuhi akifungua zizi lazima amwamkie kondoo!

"Umeamkaje, mama?"

Oddgeir, jirani yake, hakuiacha nafasi hiyo ipite. "Ketill! Mama mkwe amesemaje leo? Tuanike nyasi au tusianike?"

"Amesema anika. Ila uanze kuanika huo mdomo wako, umeota ukungu."

Walicheka, lakini Oddgeir alikwenda kuanika. Kwa maana kondoo huyo, Golsa, mweupe mgongoni na mweusi tumboni, alikuwa wa ule ukoo wa kondoo viongozi, wanaoinusa dhoruba kabla wingu halijaonekana. Akigoma kutoka zizini, hata jua liwake vipi, mwenye akili hatoki.

Ketill naye aliwahi kukosa akili. Miaka minne nyuma, asubuhi nyeupe pee, Golsa aligoma mlangoni. Ketill akamsukuma kwa goti, akalipeleka kundi mlimani. Kufika adhuhuri theluji ilimwagika, mtu haoni hata kiganja chake. Alizunguka, akachoka, akaketi chini akasema basi, nimekwisha. Golsa ndiye aliyemrudia, akamparura bega kwa kwato. Ketill akaishika pembe yake, na kondoo yule akamvuta hatua kwa hatua, kundi lote nyuma yao, mpaka mlangoni kwa mkewe, Dýrfinna, ambaye alikwishaanza kumlilia. Tangu siku hiyo ndipo salamu zilipoanza, na nani wa kumlaumu?

Kisha ukaingia ugonjwa wa mapafu. Serikali ikaamuru kondoo wote toka mtoni hadi mlimani wachinjwe, wagonjwa kwa wazima, na bonde likae tupu mwaka mzima kabla ya kuletwa wana-kondoo wapya kutoka magharibi. Kundi la Ketill halikuwa limekohoa hata mara moja.

"Kuna pango kule juu," alimwambia mkewe. "Nitamficha mmoja tu."

"Mume wangu, wa Oddgeir wameshakwisha wote. Ukimficha wako, halafu ugonjwa uwarudie hao wapya, utamtazama Oddgeir kwa macho gani?"

Ketill alilia mbele ya mkewe, bila kujificha.

Siku ya siku Golsa aliliongoza kundi hadi kwenye zizi la kuchinjia, kando ya mto. Pale langoni akanusa damu. Akapiga kwato chini, akageuka, na kondoo themanini wakasimama kama waliopigwa misumari. Wanaume walipiga kelele, wakasukuma, wakafoka, hakuna aliyeingia.

"Mzee," akasema msimamizi wa serikali, "bila huyo hawaingii. Mwingize wewe."

Lo! Ketill aliwatazama wote mmoja mmoja, labda yuko atakayesema hapana. Oddgeir, bingwa wa masihara, alikuwa ameinamisha kichwa.

Akamwendea Golsa, akaishika pembe ileile. "Twende, mama," akasema, akatangulia yeye kuvuka lango. Golsa alimtazama kidogo. Kisha akamfuata, na wengine wakamfuata yeye, mstari mmoja, kimya. Hakuna aliyehitaji kusukumwa tena.

Kesho yake alfajiri Ketill aliamka kwa mazoea, akaenda kufungua zizi lake. "Umeamkaje, mama?" akasema, kabla hajakumbuka. Ndani mlikuwa na nyasi kavu tu na harufu ya kondoo.

Oddgeir alikuwa akipita njiani, akamsikia. Aliingia uani akasimama karibu naye, na safari hii hakuuliza habari ya mvua wala jua.

"Alijua, Oddgeir," Ketill akasema. "Alijua kabisa. Akaingia kwa sababu ni mimi."