Nyuzi Mbili Chini ya Taa ya Sebuleni

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alikuwa ameshona miaka ishirini na sita bila kurudishiwa nguo. Jumatatu moja, karani mmoja akamrudishia suruali ya bluu iliyopindwa kwa uzi mweusi.

"Macho hayo, wifi," alisema dada wa mumewe, mtu wa kutoa hukumu kabla ya kesi. "Uzee haubishi hodi. Uza cherehani tufuge kuku."

Fundi akachukua nyuzi mbili. Bila macho, yeye ni nani? Akazipeleka nyuzi dirishani: moja nyeusi, moja bluu, wala hakuna ubishi. Akarudi nazo chini ya taa, alipozoea kushonea jioni: pacha! Mle kwenye bakuli la kioo darini mlikuwa na balbu ya njano, chaguo la mumewe, eti inapumzisha akili. Na kweli, akili ya mumewe ilikuwa imepumzika siku nyingi.

Akachomoa ile balbu, akaitia kwenye soksi isivunjike, akaenda dukani na nyuzi zake mbili.

"Mama, nikupe ya wati ngapi?" aliuliza muuzaji.

"Wati kaa nazo. Washa nione."

Ya kwanza, ya njano: pacha tena. Ya pili ilikuwa nyeupe ya kuumiza, hata uzi mweusi ukaonekana bluu. Ya tatu ilikuwa kama mchana wa dirishani. Nyuzi zikaachana.

"Hiyo hiyo."

Muuzaji akalinganisha kitako cha balbu hiyo na cha ile ya kwenye soksi, vyote vya kuskrubu. "Taa yako imefunikwa?"

"Imefunikwa, kwa bakuli la kioo."

"Basi chukua hii ya mwanga huo huo, inayostahimili joto. Nyingine zikifungiwa huko hazimalizi mwaka."

Jioni ile, chini ya balbu mpya, wifi alificha nyuzi mgongoni kama mganga, akawa anatoa mmoja mmoja.

"Huu?"

"Mweusi."

"Na huu?"

"Bluu. Na huo bluu, usinizungushe."

Mara kumi, hakukosa hata mara moja. Wifi akaanza kutafuta kosa kwingine, akasogea katikati ya chumba kukagua vumbi la bakuli. Fundi akamtazama kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo.

"Wifi, vua sketi."

"Ya nini tena? Si uliishona mwenyewe mwaka jana, nyeusi tii?"

"Nyeusi, ndiyo. Pindo ni la uzi wa bluu. Vua."

Akachukua wembe, akaketi chini ya taa, akaanza kufumua.