Njaa ya Bi Ester

Nilipokuwa mtoto, nikiwa darasa la tatu huko Bredäng, Uswidi, nilikula siku tatu mfululizo bila kushiba. Mama alidhani ni minyoo. Mimi nilijua ni soksi.

Soksi zangu za kuchezea mpira, nyekundu, zilikuwa zimejaa matope, nami nilimwogopa mama kuliko matope yenyewe. Nikashuka nazo hadi chumba cha kufulia cha jengo letu. Jirani yetu Bi Ester, mama mzee wa Kiyahudi, alikuwa ameacha mashine wazi akapanda kuchukua sabuni. Nikazisokomeza humo, nikakimbia. Gauni lake jeupe, alilolitunza kwa siku yao kuu ya kufunga na kutubu, likatoka na rangi ya waridi. Kesho yake soksi zilining'inia kwenye ubao wa matangazo, na karatasi chini yake: "Za nani hizi?"

Nyanya yangu, aliyetoka Bujumbura kuja kuishi nasi, aliposikia akatikisa kichwa. "Mutu akifunga na kinyongo, njaa yake inamuingia ule aliyemukosea. Atakula sufuria yote, hatashiba."

Basi nikaanza. Ugali, viazi, maharage, na bado tumbo lilidai. Leo najiuliza njaa ile ilinifikaje kabla mwenyewe hajaanza kufunga, lakini mwenye hatia haulizi saa.

Siku ilipofika, alasiri, Bi Ester akagonga. Nilikuwa kwenye sahani ya tatu. Alimweleza mama kwa Kiswidi kwamba jua likizama anaanza kufunga, na kwao mtu hupatana kwanza na majirani ndipo amwendee Mungu.

"Nimemsema vibaya mwenye soksi kwa majirani wa ngazi nzima. Simjui, kwa hiyo naomba radhi mlango kwa mlango."

Niliangua kilio. "Förlåt! Nisamehe! Ni zangu!"

Mama akashika kiuno. Bi Ester akacheka hadi akaegemea ukuta. "Kumbe ni wewe. Unanisamehe?"

Mtu mzima, gauni lake nimeliharibu, ananiomba mimi msamaha! "Nakusamehe," nikajibu. "Na mimi je?"

"Wewe nimekusamehe tangu ulipoanza kulia."

Jioni tulimwona kupitia dirishani akielekea kituo cha treni kwenda kusali, pindo la waridi likichungulia chini ya koti. Nikarudi mezani nikala nusu kiazi, nikashiba. Nilifurahi sana.

Siku hizi siamini kwamba njaa huhama tumbo. Lakini nikijiona nakula bila kushiba, hujiuliza kwanza nimemkosea nani. Mara nyingi jina huja upesi, nami huinuka kwenda kwake kabla hajanigongea mlango.